SAADANI WAKATI WA MASIKA: Kabla hamjachanga hela, someni hapa kwanza

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, napokea swali lile lile kutoka kwa washikaji tofauti: "Kaka, tuko watano, tumepata Noah ya kukodi, tunataka twende Saadani, inafika?" Jibu langu la haraka ni kwamba Agosti inafika bila shida. Pasaka ni habari nyingine kabisa, na leo nimeamua kuandika lote mara moja ili nisiwe narudia rudia kwenye simu.

Tuanze na kalenda maana hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Pasaka siku zote inaangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Masika ya ukanda wetu wa pwani ni Machi mpaka Mei. Yaani sikukuu ambayo vijana wengi wa Dar wanapata siku nne za mapumziko ndiyo hiyo hiyo inayokaa katikati ya mvua kubwa ya mwaka. Sio bahati mbaya ya mwaka mmoja, ni kila mwaka. Mwaka mmoja mvua inachelewa watu wanaenda wanarudi na mapicha, mwaka unaofuata wenzao wanaiga wanalala porini ndani ya gari.

Kwa wasiopajua: Saadani ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, baadaye likaunganishwa na eneo la iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge. Ni kama kilomita za mraba 1,100, kipande kiko upande wa Bagamoyo na kipande Pangani. Sifa yake ni kwamba pori linakuja mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Twiga, nyati, kongoni, kuro, tohe, ngiri, simba wapo, tembo wapo ingawa sio wa kuwaona kila kona. Ile picha ya simba anatembea ufukweni mliyoiona, naomba msiikatie tiketi. Hutokea, lakini mimi nimeenda mara nne na nilichokiona ufukweni ni nyani, ngedere na nyayo.

Sasa ishu yenyewe, UDONGO. Watu wanadhani tatizo la mvua ni maji. Hapana bana, tatizo ni udongo. Sehemu kubwa ya tambarare za Saadani ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Wazee wanauita udongo wa mbuga, na neno mbuga lenyewe kwa asili ni hiyo tambarare ya majani yenye udongo mweusi unaotuamisha maji, hii maana ya "mbuga za wanyama" imekuja kwa sababu wanyama wanapenda kukaa hapo. Udongo huu kiangazi unakauka mpaka unapasuka nyufa za kuingiza mguu, gari linapita juu kama lami. Ukilowa, chembe zake ndogo mno zinanyonya maji na kuvimba, nyufa zinajifunga, maji hayapenyi tena chini. Juu panabaki kama sabuni, chini yake kama ugali ambao haujaiva.

Tairi likiingia hapo kinatokea kitu kimoja kibaya: udongo unanata kwenye tairi na kujaza meno yote. Hata kama umenunua tairi mpya zenye meno makali, baada ya mita ishirini una duara laini la matope linalozunguka bure. Ukikanyaga mafuta zaidi unachimba shimo, gari linakaa na tumbo, na likishakaa na tumbo hata 4x4 zako nne hazigusi kitu cha maana. Ndio maana nawaambia watu kwamba Noah hata ile yenye 4x4 sio jibu. Iko chini, na haina ile gia nzito ya kutambaa polepole. Land Cruiser au gari la namna hiyo lina nafasi, lakini nalo nimeliona limekaa pale limeinama kama ng'ombe mgonjwa, na dereva wake alikuwa mzoefu.

Jeki nayo ina siri yake. Ukiiweka kwenye udongo ule inazama yenyewe badala ya kuinua gari, kwa hiyo beba kipande cha ubao mnene cha kuiwekea chini. Beba sepetu, panga, kamba nene ya kuvutia, maji ya kunywa ya siku mbili na chakula kisichohitaji moto. Ukipunguza upepo kidogo tairi linatanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, inasaidia sana kwenye mchanga, kwenye tope la kunata inasaidia kidogo tu. Mkifanya hivyo muwe na pampu ya kurudishia. Na tafadhali, msishuke kwenda kukata matawi mbali na gari. Mko kwenye nyumba ya simba hapo.

Njia. Kutoka Dar kuna mbili. Ya kwanza ni kupita Chalinze, unashika barabara ya Segera, ukishavuka Mto Wami unafika Mandera, hapo unakunja kulia kwenda Miono na Mkange mpaka geti la Mvave. Kutoka Mandera mpaka Saadani kijijini ni kama kilomita 60, na hizo 60 ndizo zinazoamua safari yenu, sio zile 160 za lami. Ya pili ni kupita Bagamoyo, Makurunge, ambayo ni fupi zaidi. Ukitokea Tanga unapita Pangani na Mkwaja. Barabara hii ya Bagamoyo mpaka Tanga kupitia Saadani miaka ya karibuni imekuwa ikijengwa lami kwa vipande, jambo jema sana, ila jueni kwamba barabara inayojengwa wakati wa mvua ina njia za mchepuko, na mchepuko ndio wa kwanza kugeuka tope. Usiangalie ramani kwenye simu ukaona mstari ukafurahi. Mstari haukuambii jana imenyesha kiasi gani.

Kwa hiyo pigeni simu. Lakini namna ya kuuliza ni muhimu. Ukimuuliza mtu wa kule "barabara inapitika?" atakujibu "inapitika", na hadanganyi, maana yeye anapita na bodaboda. Uliza hivi: mvua ya mwisho imenyesha lini? Gari gani ndogo imepita jana, na imetokea upande gani? Basi la abiria limefika? Hilo basi ndio kipimo changu namba moja. Dereva wa basi anakula kwa kufika, kama yeye ameahirisha, wewe na Noah ya kukodi unaenda kufanya nini?

Mto Wami nao una akili zake. Maji yake yanatoka mbali, milima ya Ukaguru na Nguru na mpaka pande za Dodoma. Kwa hiyo Saadani panaweza kuwa na jua zuri siku tatu huku mto unapanda, kwa sababu ya mvua iliyonyesha Kilosa. Ukikuta maji yanakatiza barabara kwa kasi, usijaribu. Maji ya sentimita 30 tu yanayotembea yanatosha kuanza kuielea gari ndogo, 60 yanabeba karibu gari yoyote. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari ya siku tano mbele, soma hiyo kabla ya kujaza mafuta. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu tahadhari ilitoka mapema, na bado kuna watu walikuwa wanapanga safari za ufukweni wikiendi hiyo hiyo.

Niwape mfano wa kwetu. Aprili moja tulikuwa sita na magari mawili. Miono tukanyeshewa vizuri, tukaenda mbele kidogo tukakuta lori la samaki limelala kwenye mtaro, limekaa hapo tangu usiku na samaki wameanza kutoa harufu. Utingo wake, kijana mdogo tu, akatuambia "nyie hata hamna mzigo, mnawahi nini?" Tukageuza. Wawili walinuna mpaka Chalinze, maana tulishalipia malazi ya usiku mmoja na sehemu yenyewe walikataa kurudisha hata nusu. Kwa mtu anayeungaunga, elfu sitini kupotea inauma, silazimishi mtu aone haiumi. Ila tukapiga hesabu ya kuvutwa na trekta, ya faini ya kuchelewesha gari la watu, na ya mmoja wetu aliyekuwa na ugonjwa wa pumu na dawa za siku mbili tu. Tukaenda Bagamoyo, tukaangalia magofu ya Kaole, tukala pweza. Siku ya pili yake tukasikia kundi lingine limelala njiani usiku mzima, mmoja wao ana homa.

Na msisahau kwamba kwa wenzetu wa kijiji cha Saadani barabara hii sio ya matembezi. Kijiji kiko pale kabla ya hifadhi, kilikuwa bandari ya misafara, na Bwana Heri alipambana na Wajerumani hapo hapo mwaka 1889, nao wakatumia mizinga ya meli. Njia ikikatika samaki hawatoki na mgonjwa hatoki. Ukipita na gari lako zito kwenye njia mbichi unawachimbia mahandaki watakayoyatumia wao mwezi mzima.

Je, mvua ikiwa imeisha kabisa siku kadhaa na mmepata uhakika? Nendeni, ni pazuri ajabu, majani ya kijani, ndege wengi, watu hakuna. Lakini wanyama watakuwa wametawanyika kwa sababu maji yako kila mahali, na majani marefu yanaficha simba akiwa mita kumi. Boti ya Mto Wami ndio uhondo kipindi hicho: viboko, mamba, mikoko, mbega juu ya miti. Ufukwe wa Madete kasa wanapanda usiku kutaga, muulizeni askari wa hifadhi, na msiwamulike na tochi. Bahari itakuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya tope la mto, msije mkalalamika. Angalieni pia mwezi: mwandamo na mbalamwezi ni bamvua, maji yanapanda juu na kutoka mbali, msiegeshe gari mchangani.

Nguo nyeusi na za bluu acheni nyumbani, ndorobo wanazipenda sana. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima. Mafuta jazeni Bagamoyo au Chalinze, ndani hakuna kituo. Noah inakula kama lita moja kwa kilomita kumi kwenye lami, kwenye tope hesabu mara mbili. Kiingilio kwa Mtanzania ni shilingi na hakitishi, kibali ni cha saa 24, gari linalipiwa peke yake, na hawapokei noti mkononi, kwa hiyo muwe na salio kwenye simu au kadi kabla mtandao haujapotea.

Mkiniuliza mimi, hela ya Pasaka wekeni, nendeni kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba, au Januari na Februari. Hapo hata Noah yenu tutaongea. Aliyepita Makurunge au Mkange wiki hii atuwekee hapo chini kwenye maoni: siku gani, gari gani, na mvua ya mwisho ilinyesha lini.