Je, Wajua? Kitambaa kinachoumbua urani

Je, wajua kwamba mkaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) hubeba kitambaa cheupe cha pamba, sentimita 10 kwa 10? Hupangusa nacho meza, ukuta au bomba la kiwanda, kisha hukitia ndani ya mfuko, na mfuko huo ndani ya mwingine. Vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kufichua urani. Kwenye maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna, mchambuzi hupokea kitambaa chenye namba tu. Hajui kimetoka nchi gani, na ndivyo inavyotakiwa. Hupima kiwango cha aina iitwayo urani-235 ndani ya urani: urani ya ardhini ina asilimia 0.7, ya vinu vingi vya umeme 3 hadi 5, ya bomu kama 90. Hata sakafu ikipigwa deki, kwa kawaida chembe mbili tatu husalia.