Chakula Kinapokwama Kooni: Ugumu wa Kumeza na Upungufu wa Madini ya Chuma

Mgonjwa mwenye upungufu wa damu hutarajiwa kulalamikia uchovu, kizunguzungu na mapigo ya moyo kwenda mbio. Ni nadra kuulizwa iwapo anameza bila shida. Hata hivyo, upungufu wa muda mrefu wa madini ya chuma huweza kuambatana na ugumu wa kumeza. Hali hiyo huitwa sindromu ya Plummer-Vinson, au sindromu ya Paterson na Brown-Kelly, madaktari wa Uingereza walioieleza mwaka 1919.

Madini ya chuma hayatengenezi himoglobini pekee. Huhitajika pia katika vimeng'enya vinavyozipa seli nishati. Yanapopungua, ngozi laini ya ndani ya koo, ambayo hujijenga upya kila mara, huaminika kudhoofika pamoja na misuli yake. Hatimaye utando mwembamba huota sehemu ya juu ya umio na kuifanya njia ya chakula kuwa finyu.

Wengi wanaopatwa ni wanawake wa umri wa makamo. Vyakula vigumu, kama nyama na mkate, hukwama, ilhali vimiminika hupita. Kwa kuwa kwa kawaida hakuna maumivu, mgonjwa huzoea: hukata tonge dogo, hushushia maji, kisha huacha kula nyama, na hivyo kujinyima chuma zaidi. Ulimi laini unaowasha, mipasuko kwenye pembe za mdomo na kucha zilizobonyea kama kijiko ni dalili za kutazamwa.

Uchunguzi hujumuisha kupima himoglobini na ferritini, picha ya eksirei baada ya kunywa bariamu, na endoskopi. Vidonge vya chuma hutibu upungufu na mara nyingi hupunguza ugumu wa kumeza. Utando ukibaki, hupanuliwa kwa kifaa maalumu. Chanzo cha upungufu nacho sharti kitafutwe: hedhi nzito, minyoo ya safura, au damu inayovuja tumboni.

Jambo moja halipaswi kupuuzwa. Sindromu hii huongeza hatari ya saratani ya koo na ya umio, na saratani ya umio yenyewe, isiyo ngeni Afrika Mashariki, huanza kwa dalili hiyohiyo. Kwa hiyo, vidonge vya chuma visitolewe badala ya uchunguzi wa koo. Damu ikirejea ilhali chakula bado kinakwama, mgonjwa apewe rufaa bila kuchelewa. Na hata aliyepona aendelee kufuatiliwa.