Kompyuta ya zamani imegoma kuwaka? Soma kwanza ilichoandika kwenye kioo

Umewasha kompyuta asubuhi, feni inazunguka, taa inawaka, halafu badala ya Windows unaona maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Wengi wetu hapo tunazima na kuwasha tena. Ikigoma mara ya pili tunampigia fundi. Fundi akiuliza "imeandika nini?", jibu linakuwa "sijui, kizungu fulani hivi."

Hicho kizungu ndicho chenye jibu. Kabla hujagusa kitu chochote, chukua simu yako upige picha ya kioo. Ujumbe mwingine unakaa sekunde chache tu kisha unapotea, na ukishapotea unabaki kubahatisha.

Kuna mama mmoja jirani yangu ana stesheneri. Kompyuta yake ya mezani, mtumba wa siku nyingi, siku moja iliandika "Remove disks or other media. Press any key to restart". Fundi aliyeitwa hakuusoma ujumbe. Alisema Windows imekufa, akapiga Windows upya, akalipwa akaondoka. Mitihani ya shule mbili, barua za wateja na hesabu za duka za miaka mitatu, vyote vikaenda.

Wiki mbili baadaye akaniita: "Mwanangu, njoo uone, imerudia tena." Nikakuta flashi ya mteja imesahaulika nyuma ya boksi. Nikaichomoa, nikabonyeza kitufe kimoja, Windows ikaja. Ujumbe ulikuwa unasema hivyo hivyo tangu mwanzo: toa diski au kifaa kingine, kisha bonyeza kitufe chochote. Yule mama hakunijibu kitu, alikaa tu kwenye kiti.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya bisibisi na kabla ya fundi: chomoa flashi zote, memori kadi, CD, hata modemu. Kompyuta nyingi za zamani zimepangwa kuangalia flashi au CD kwanza ndipo ziangalie diski yake. Ikikuta flashi isiyo na mfumo wa kuwashia, inakwama hapohapo.

Imekwamia wapi?

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows bado haipo. Inayoamka kwanza ni BIOS, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye mazabodi. Inakagua RAM, kibodi, feni na diski. Ikiridhika, inaikabidhi kazi diski, na diski ndiyo inaiita Windows. Ujumbe unaouona unakuambia msafara umekwama kituo gani. Ukiona jina la kampuni limepita halafu ndipo maandishi yakaja, jua mazabodi iko hai, na hiyo ni habari njema.

Kama haiandiki kitu ila inalia tu "piii, piii", shida iko mapema zaidi, na mara nyingi ni RAM. Milio inatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo irekodi kwa simu badala ya kumwigizia fundi kwa mdomo. Mara nyingi dawa ni kuzima, kuchomoa waya wa umeme, kutoa RAM, kusugua taratibu sehemu zake za dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, kupangusa mabaki, na kuirudisha mpaka ifunge "tik". Vumbi la kwetu linaua mashine nyingi kuliko virusi.

Saa imerudi nyuma

Huu ndio ujumbe ninaoupenda, kwa sababu unatisha watu bure. Kompyuta za HP za mezani huandika "163-Time & Date Not Set". Dell huandika "Time-of-day not set". Nyingine zinaandika "CMOS checksum error" na kukuomba ubonyeze F1 ili uendelee. Zote zinazungumzia kitu kimoja: betri ndogo ya duara kwenye mazabodi imekwisha.

Kwenye kompyuta nyingi za mezani betri hiyo ni CR2032, ya volti 3, ileile inayotumika kwenye rimoti nyingi za gari. Inapatikana hata kwa wauza saa. Kazi yake ni kuendesha saa na, kwenye mashine za zamani, kutunza mipangilio ya BIOS umeme unapokuwa umezimwa. Ndiyo maana tatizo hujitokeza asubuhi, au baada ya umeme kukatika usiku kucha, lakini mchana ukizima na kuwasha huioni.

Dalili nyingine ni kwamba unaingia kwenye Windows vizuri lakini kila tovuti inakataa, ikisema siyo salama. Angalia tarehe. Kama kompyuta inaamini tuko miaka kumi nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti kwake bado havijaanza kufanya kazi. Watu wamebadilisha bando na mtandao wa simu kwa ajili ya hili.

Kubadilisha betri ni rahisi: zima, chomoa waya ukutani, fungua boksi, sukuma kile kibanio, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Laptopu nyingi zina betri yenye waya ndani kabisa, hiyo mwachie fundi. Ukiwasha ingia BIOS (F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, Delete kwa mazabodi nyingi), rekebisha saa na tarehe, hifadhi, toka.

Hapa kuna mtego mmoja. Betri ikifa, mipangilio yote inaweza kurudi ya kiwandani, ikiwemo namna BIOS inavyoongea na diski. Unaweka betri mpya, unafurahi, halafu Windows inakuletea kioo cha bluu chenye 0x0000007B. Hapo wengi wanaambiwa diski imekufa au wapige Windows upya. Kabla ya kukubali, rudi BIOS, tafuta palipoandikwa SATA Mode au SATA Operation. Kama ipo AHCI jaribu IDE (nyingine huita ATA), kama ipo IDE jaribu AHCI. Isipofaa, rudisha ilivyokuwa. Jaribio hili halifuti kitu.

Ikisema haioni diski

"Boot Device Not Found" yenye alama 3F0 kwenye laptopu za HP, "No bootable device" na "Operating system not found" ni familia moja. BIOS imetafuta pa kuanzia imekosa. Flashi umeshachomoa, sasa ingia BIOS uone kama jina la diski linaonekana.

Likionekana, diski inasomeka, na shida inaweza kuwa mpangilio wa kuwasha au Windows yenyewe. Lisipoonekana, zima, chomoa waya wa diski pande zote mbili, uchomeke tena. Kompyuta iliyosafirishwa kwenye buti la gari au kuhamishwa meza hulegeza nyaya kwa urahisi sana.

"NTLDR is missing" ni ya Windows XP, na "BOOTMGR is missing" ni ya Vista na zilizofuata. Faili la kuwashia halijapatikana. Faili zako binafsi kwa kawaida bado zipo, na Windows inaweza kutengenezwa kwa CD au flashi yake bila kufomati.

Ujumbe ambao siutanii ni wenye neno SMART, kwa mfano "1720-SMART Hard Drive detects imminent failure" kwenye HP. Diski yenyewe inakiri kwamba inakaribia kufa. Kompyuta inaweza kukuruhusu ubonyeze F1 na kuendelea kama kawaida, na watu wanabonyeza F1 kila siku mpaka siku inagoma kabisa. Nakili faili zako siku hiyohiyo, za muhimu kwanza, na muziki mwisho. Kama diski inagonga "tak, tak, tak", zima na usiendelee kujaribu, kila jaribio linaweza kuiharibu zaidi.

Ukienda kwa fundi

Mwonyeshe ile picha. Mwambie lini ilianza, na kama umeme ulikatika au mashine ilihamishwa. Akisema dawa ni kupiga Windows, mwombe kwanza achomoe diski aiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, anakili faili zako mbele yako. Au awashe kwa Linux iliyo kwenye flashi, ambayo haihitaji kusakinishwa, anakilie hapo. Fundi mzuri atakuuliza kuhusu data kabla hujamuuliza. Akikataa na kusema "hakuna kitu humo, tupige tu", chukua boksi lako uondoke nalo.