Joanita na Rachael: Sauti Mbili, Bendi Moja

Askari anapohamishwa kutoka Jinja kwenda Mbale hubeba sanduku, godoro na redio yake. Mabishano nayo huhama pamoja naye. Katika bendi ya Afrigo, ni nani mwimbaji bora: Joanita Kawalya au Rachael Magoola?

Afrigo iliundwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotoka katika bendi ya Cranes. Mmoja wao, mpiga saksafoni Moses Matovu, aliiongoza hata ikatimiza miaka 50 mwaka 2025. Chini ya uongozi wake wanawake hao wawili walipata nafasi, kila mmoja kwa sauti yake.

Joanita ni binti wa Eclas Kawalya, mwimbaji aliyevuma kabla yake. Sauti yake ni nzito, tena haina haraka. Katika wimbo “Jim” huyaachilia maneno polepole, na askari aliye lindoni usiku huona kana kwamba anaambiwa yeye peke yake.

Sauti ya Rachael ni nyepesi na angavu, hukimbia sambamba na ngoma. Katika “Obangaina” aliimba Kisoga, ilhali nyimbo nyingi za bendi hiyo ni za Kiganda. Jinja waliisikia lugha ya nyumbani. Lakini hata Mbale, penye ngoma yao ya kadodi, wasiojua Kisoga huinuka vitini. Mwaka 2021 Rachael aliingia Bungeni akiwa mwakilishi wa wanawake wa Wilaya ya Bugweri.

Nikilazimishwa kuchagua, nitamtaja Joanita. Katika wimbo wa kasi, ngoma na saksafoni humsitiri mwimbaji; katika wimbo wa taratibu hana pa kujificha. Hata hivyo, nakiri kwamba siku ya sherehe kambini nitaomba upigwe wa Rachael.

Kuna jambo moja la kujihadhari. Mara nyingine hoja huanza na sauti, ikaishia kwenye kabila: “Wewe wampenda kwa kuwa ni wa kwenu.” Hapo mazungumzo ya muziki yamekwisha, na ugomvi umeingia kati ya watu ambao kesho watashika doria moja. Katika bendi ya Matovu, Joanita na Rachael waliimba kila mmoja kwa sauti yake. Afande anayekabidhiwa kikosi chenye watu wa makabila mengi anaweza kujifunza hapo.

Basi ndugu askari, zisikilizeni nyimbo zote mbili usiku mmoja, kisha mbishane kwa masikio.