Mfupa huunga mapema, lakini mwanasoka hurejea polepole

ILIKUWA dakika ya tatu tu ya mchuano wa Ligi Kuu ya Uingereza kati ya Birmingham City na Arsenal, Februari 23, 2008, mshambulizi Eduardo da Silva alipokabiliwa vibaya na beki Martin Taylor. Mfupa wa mguu wake wa kushoto ulivunjika na kifundo kikateguka hadi kikatoboa ngozi.

Wengi waliamini kwamba mzaliwa huyo wa Brazil aliyeichezea Croatia hangesakata gozi tena. Alikosa fainali za Euro 2008. Hata hivyo, Februari 16, 2009, takriban mwaka mzima baadaye, alirejea na kupachika mabao mawili Arsenal ilipoicharaza Cardiff City 4-0 katika Kombe la FA.

Mashabiki hupenda visa vya aina hiyo. Tatizo ni kuwa huwafanya wadhani kwamba mfupa ukishaunga, kazi imekwisha. Ukweli ni kuwa huo huwa mwanzo tu wa safari.

Mguu chini ya goti una mifupa miwili: ule mkubwa wa muundi unaobeba uzito wa mwili, na ule mwembamba ulio kando yake. Mfupa unapovunjika, damu huganda mahali hapo. Katika majuma machache hujengeka gegedu laini linalounganisha vipande, kisha gegedu hilo hugeuka kuwa mfupa mpya, ambao huendelea kujiimarisha kwa miezi mingi.

Siku hizi madaktari wa upasuaji aghalabu hutia chuma kirefu ndani ya uwazi wa mfupa wa muundi na kukikaza kwa skurubu. Kwa njia hiyo mchezaji huanza kuukanyagia mguu mapema kuliko akifungwa plasta. Mfupa huo huhitaji takriban miezi minne hadi sita kuunga sawasawa.

Misuli nayo hudhoofika upesi. Majuma mawili ya kutoutumia mguu hutosha kulifanya paja lipungue. Ndiposa mtaalamu wa tiba ya viungo humwanzisha mchezaji upya kama mtoto: kukunja goti, kutembea majini, kuendesha baiskeli isiyokwenda, kukimbia moja kwa moja, kisha kugeuka ghafla na kuruka. Kukabiliana na wenzake huja mwisho. Goti au kifundo kikivimba, hurudishwa hatua moja nyuma.

Majeraha ya goti huhitaji subira zaidi. Kano ya mbele inayopita katikati ya goti ikikatika, kwa kawaida haishonwi ikaunga. Madaktari huchukua kano nyingine, mathalani ya nyuma ya paja, na kuipandikiza mahali pake. Wataalamu wengi hushauri mchezaji asirejee kabla ya miezi tisa, na mpaka mguu ulioumia uwe na angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake.

Beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, alifuata mkondo huo. Aliumia goti dhidi ya Everton Oktoba 17, 2020, akakosa sehemu yote iliyosalia ya msimu, na hata fainali za Euro zilizochezwa mwaka wa 2021 akazisusia ili apone. Msimu uliofuata alikuwa nguzo ya kikosi kilichotwaa Kombe la FA na Kombe la Ligi.

Ronaldo wa Brazil alionja upande wa pili. Alipasuka kano ya goti akiwa Inter Milan Novemba 1999, akafanyiwa upasuaji, na kurejea Aprili 12, 2000 dhidi ya Lazio. Dakika chache baada ya kuingia uwanjani kano ile ile ilikatika kabisa. Alikaa nje kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuiongoza Brazil kutwaa Kombe la Dunia la 2002, akifunga mabao manane, mawili kati yake katika fainali dhidi ya Ujerumani.

Kuna pia jeraha lisiloonekana katika picha ya eksirei, nalo ni hofu. Aaron Ramsey wa Arsenal alivunjika mguu dhidi ya Stoke City Februari 27, 2010, akiwa na umri wa miaka 19. Kufikia mwisho wa mwaka huo alikuwa akicheza tena, kwa mkopo Nottingham Forest. Lakini ni katika msimu wa 2013-14 alipong'aa kwelikweli, na Mei 17, 2014 akafunga bao la ushindi dhidi ya Hull City katika fainali ya Kombe la FA. Kutoka kuvunjika hadi bao hilo ilipita zaidi ya miaka minne.

Wapo pia wasiorudi. David Busst wa Coventry City alivunjika mguu uwanjani Old Trafford Aprili 8, 1996. Maambukizi yaliingia jerahani, na mwaka huo huo akalazimika kustaafu akiwa na umri wa miaka 29.

Nchini Kenya, wengi wanakumbuka jinsi Victor Wanyama alivyouguza goti kwa miezi kadhaa tangu Agosti 2017, kisha Februari 4, 2018 akaifungia Tottenham Hotspur kwa kombora kali ugani Anfield. Nyuma yake palikuwa na madaktari, vifaa na mshahara uliolipwa akiwa nje.

Mchezaji asiye na bima, ambaye mkataba wake unakaribia kumalizika, hana nafasi hiyo. Kila juma analokaa nje humpunguzia riziki, hivyo hushawishika kuficha maumivu na kuingia uwanjani mguu ukiwa haujakomaa. Hapo ndipo jeraha la miezi sita hugeuka kuwa kilema cha maisha.

Kwa hivyo, shabiki au kocha anayeuliza nyota wake atarudi lini anafaa kuuliza kwanza kama mguu umepata nguvu zake, na ni nani anayemlisha mchezaji huyo anapousubiri.