Kisima Baada ya Masika: Hatari za Hali ya Hewa Wingwi, Pemba

Katika parokia zetu zimo familia zilizohamia Pemba kwa sababu ya kazi, na nyingine zina jamaa huko. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaitazama Wingwi, katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya kisiwa. Anayeishi Tanga, Bagamoyo au Mafia naye asome, maana bahari ni ile ile.

Ukiuliza habari za maafa visiwani, watu hutaja kwanza kimbunga. Ni kweli kwamba Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikazamisha vyombo bandarini na kuangusha mikarafuu na minazi kwa wingi mno. Pemba haikuguswa sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya kisiwa hicho kuja kuwa shamba kuu la karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kilifika Lindi, na tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, hata boti za kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Lakini mambo hayo ni nadra. Wingwi iko karibu digrii 5 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha kujenga kimbunga. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe redioni, hasa na wavuvi wakati wa kusi, nao waziamini.

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyotoka pwani ya Sumatra, ilifika kwetu maji yakiwa yamekupwa, na hilo lilituokoa. Hata hivyo watu wapatao 10 walikufa Tanzania, wengi wao vijana waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Bahari ikirudi nyuma ghafla wakati ambao si wa maji kupwa, usiende kuokota samaki. Chukua watoto mpande mlimani.

Hayo yakishasemwa, mimi kama muuguzi naona kwamba hatari kubwa ya Wingwi haiji na kishindo. Inaingia kwa mlango wa kisima, tena inachelewa.

Sehemu kubwa ya Micheweni ni nchi ya mawe ya matumbawe, yenye udongo mchache juu. Mawe hayo yana nyufa na matundu. Udongo mzito huyachuja maji polepole, lakini mawe haya huyapitisha upesi pamoja na uchafu wake. Mvua kubwa ya masika ikinyesha, kinyesi kilichoachwa vichakani, na hata kilichomo katika choo cha shimo, kinaweza kufika kisimani bila mtu kuona chochote. Maji yanaonekana meupe, mazuri, na watoto wanayanywa.

Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka Zanzibar, katika kijiji cha wavuvi. Waliugua watu 411, na 51 kati yao walikufa. Baadaye wataalamu walichunguza kumbukumbu za Unguja na Pemba za miaka ya 1997 hadi 2006, wakazilinganisha na mvua. Waliona kwamba mvua ikizidi kwa milimita 200, wagonjwa huongezeka kwa zaidi ya nusu, lakini baada ya miezi 2. Angalia jambo hilo vizuri, mama. Wakati mvua imekatika, nguo zimeanikwa na kila mtu anasema shida imepita, ndipo ugonjwa unapoanza. Mwaka 2009 chanjo ya kumeza ilitolewa katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba, nayo ilisaidia, lakini haiwezi kusafisha kisima.

Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote hasa, au yatiwe dawa ya klorini, na kazi hiyo iendelee muda wote wa masika na miezi miwili au mitatu baadaye. Kuni ni ghali, najua. Basi anza na maji ya kunywa ya watoto.

Kuna tatizo la pili, nalo ni chumvi. Sehemu kadhaa za Pemba bahari imeingia katika mabonde ya mpunga, na visima vya karibu na pwani vimekuwa na maji ya chumvi, zaidi wakati wa kiangazi. Mikoko ikikatwa, bahari hupata njia. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yakipungua sufuriani chumvi huzidi. Klorini nayo haiondoi. Huko Bangladesh, kwenye vijiji vya pwani, imeonekana kwamba wajawazito wanaokunywa maji ya chumvi hupata zaidi shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Mjamzito wa Wingwi apewe maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, mvua ya kwanza ikiachwa iondoe vumbi, nayo yachemshwe. Akiumwa kichwa sana, akiona ukungu machoni au akivimba uso na mikono, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

Hapa sitaki nipite haraka. Mtoto anayeharisha tunamtengenezea maji kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya usawa, au pakiti ya ORS. Lakini ukitumia maji ya kisima chenye chumvi, unamzidishia chumvi mtoto ambaye tayari amekauka, na inaweza kumletea degedege. Onja maji kwanza. Yakiwa na ladha ya chumvi, tafuta ya mvua au ya bomba. Kila nyumba iweke dumu moja la maji matamu, lililofunikwa, kwa ajili ya mgonjwa tu.

Ukame nao una yake. Muhogo mchungu huzidi sumu mvua zikikosekana. Mwaka 1985, baada ya ukame, huko Tarime watu walipooza miguu kwa kula muhogo ambao haukutayarishwa vizuri kwa sababu ya njaa. Usifupishe siku za kuuloweka na kuuanika, hata watoto wakilia.

Kuharisha kukiwa kama maji yaliyooshewa mchele, macho yakididimia, ngozi ikifinywa isirudi upesi, msingoje asubuhi. Mpelekeni Hospitali ya Micheweni, na njiani mmnyweshe kidogo kidogo, hata akitapika. Mtoto anyonye kama kawaida, na dawa ya zinki akipewa ameze kwa siku 10 hadi 14, ingawa kuharisha kumekwisha.