Upanga na Chuimilia: Ishara katika Riwaya ya Lelaki Harimau

Ni desturi katika uhakiki wa kisemiotiki kuzigawa ishara za riwaya katika mafungu matatu ya Charles Sanders Peirce (1839–1914): ikoni, inayofanana na kitu inachokiwakilisha, indeksi, iliyofungamana nacho kama moshi na moto, na simboli, ambayo maana yake hutokana na mapatano ya jamii. Mgawanyo huu una manufaa yake. Hata hivyo, mara nyingi mhakiki akishayajaza mafungu hayo hudhani kazi imekwisha, ilhali riwaya yenyewe haijasomwa. Lelaki Harimau (2004), ya Mwindonesia Eka Kurniawan, haikubali kusomwa hivyo.

Muuaji hafichwi. Tangu mwanzo msomaji anaambiwa kwamba kijana Margio amemuua Anwar Sadat, naye amemuua kwa kumng'ata shingo. Margio anakana: si yeye, bali ni chuimilia aliyemo mwilini mwake. Wenyeji wanapigwa na bumbuazi, kwa kuwa walikwisha kuzisoma dalili nyingine. Walijua jinsi Margio alivyomchukia babake, Komar bin Syueb, mtu wa kuwapiga mke na watoto. Tena, kabla ya mauaji, kijana huyo alionekana na upanga wa Kijapani ulioliwa na kutu, na Meja Sadrah akamnyang'anya. Kwa kipimo cha Peirce upanga huo ni indeksi barabara. Lakini Komar alikufa kwa maradhi, na upanga haukutumika. Jamii imezisoma ishara kwa kanuni zake yenyewe, ikakosea silaha na ikamkosea mtu.

Basi chuimilia ni ishara ya nini? Jibu jepesi ni kwamba ni simboli ya hasira. Jibu hilo halielezi kwa nini mnyama huyo ni jike, wala kwa nini anarithiwa kutoka kwa babu na kumruka Komar, ambaye hasira hazikumpungukia kamwe. Penye ufunguo ni jikoni. Nuraeni, mamake Margio, huzungumza na jiko na sufuria. Kwa watu hana la kusema, na waliomzunguka humwona kama aliyerukwa na akili. Anwar Sadat ndiye aliyempa furaha ya muda, na mtoto, Marian, ambaye hakuishi. Margio anapomwendea mtu huyo na kumtaka amwoe mamake, anajibiwa kwamba hampendi. Hapo ndipo chuimilia anapotoka. Maneno ambayo kwa miaka mingi yalisikiwa na sufuria tu yamepata meno.

Hapa pana tatizo kwa atakayeifasiri riwaya hii kwa Kiswahili. Neno harimau, sawa na chuimilia, halibainishi jinsia, na anwani yenyewe inaliambatanisha na lelaki, yaani mwanamume. Aidha, jina la Kiswahili linatanguliza milia, ilhali sifa ya kwanza ya mnyama huyu ni weupe wake. Weupe unaweza kuelezwa kwa sentensi moja. Ujike hauna budi kutajwa kila mnyama anapojitokeza, hata kama sentensi italemewa, la sivyo msomaji ataiona shingo iliyong'atwa na kufikiri juu ya Margio peke yake.